Bajeti yangu ilikufa mara tano. Hii ya sita ina miezi saba, karibuni tuipasue

Karani wa Stoo (Kisumu)

Wadau, poleni na kazi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni karani wa stoo ya hadiwea hapa Kisumu. Naishi Nyamasaria, nina mke na watoto wawili, binti yuko sekondari ya bweni na mdogo anasoma hapa hapa mtaani. Mshahara kabla ya makato ni 45,000. Kuna watakaosema hizo ni pesa nyingi na watakaosema ni kidogo. Wote mko sawa.

Kwa miaka mitatu nilikuwa naandika bajeti tarehe 28 na kuizika tarehe 9. Nachora mistari kwa rula kabisa: kodi ya nyumba hapa, chakula pale, akiba chini kwa wino mwekundu. Halafu simu inalia, mjomba ametutoka. Au shule imetuma ujumbe. Au gesi imeisha Jumapili jioni na wali haujaiva. Nachota kwenye akiba. Ikiisha nachota kwenye kodi. Kodi ikiguswa naingia mkopo wa simu, na mshahara ukiingia mkopo unakuwa wa kwanza kula. Mwezi mpya unaanza tayari una shimo.

Novemba iliyopita niliomba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, nikakaa nayo mezani na kalamu. Kila nilichokuwa nakiita dharura nilikipigia mstari. Zikafika kumi na saba. Nikazipitia tena moja moja nikijiuliza: hii kweli sikuijua? Zilizobaki ni nne. Hizo nyingine kumi na tatu zilikuwa na tarehe zake tangu mwaka unaanza. Mbegu na mbolea ya mama kule Ugunja ni Machi, kila mwaka, mvua haijawahi kubadilisha mwezi kwa sababu yangu. Sare ni Januari. Nauli ya Krismasi ni Desemba, na inapanda kila Desemba. Karo ndiyo usiseme.

Hapo kwenye karo nikae kidogo. Shule ya binti inatoza kile kiwango cha Wizara ya Elimu cha 40,535 kwa mwaka. Nayo hailipwi sawasawa, inagawanywa 50, 30, 20. Muhula wa kwanza ni 20,268, wa pili 12,161, wa tatu 8,106. Maana yake nusu ya karo inadaiwa Januari, mwezi ambao umetoka Krismasi, umenunua sare na mshahara wa Desemba ulilipwa mapema ukaisha mapema. Miaka yote nilikuwa nailipa kwa mkopo, kisha nautumikia mkopo hadi Aprili, Mei napokea barua ya muhula wa pili. Ukigawanya 40,535 kwa miezi 12 unapata kama 3,378. Sasa kila mwezi natoa 3,400 naipeleka akaunti ya pembeni kwenye sacco, haina kadi wala haipo kwenye simu. Ukitaka kuitoa ni lazima uende dirishani ujaze fomu, na yule dada wa dirishani anakuangalia usoni.

Haya, hesabu yenyewe. Kwenye 45,000 wanakata NSSF (ya uzeeni) asilimia 6, yaani 2,700. SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, hiyo ni 1,237.50. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, 675. Kodi ya mapato baada ya nafuu ya 2,400 inabaki kama 4,500. Naona 35,888. Sacco inachukua hisa zake 3,000 kabla sijaguswa, kwa hiyo pesa ya kweli, ile ninayoweza kuiita yangu, ni 32,888. Kosa langu la kwanza kabisa lilikuwa kupanga nikiwa na 45,000 kichwani. Mtu akikuuliza unalipwa ngapi unamtajia ya juu, na ukijirudia mara nyingi unaamini mwenyewe.

Kwenye hiyo 32,888: kodi na maji na mtu wa taka 8,700. Karo 3,400. Chakula 11,000. Matatu hadi kazini 50 kwenda 50 kurudi, siku 26, ni 2,600. Gesi na makaa 1,700, tokeni za stima 600, simu na bando 700. Mama 2,000. Mazishi na michango 1,200. Jumla 31,900, inabaki 988. Msicheke hiyo 988, miaka mitatu ilikuwa chini ya sifuri.

Kingine kilichonishtua ni kutoa pesa. Kwa wakala, kutoa chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29 ile ile. Mimi nilikuwa natoa 300 leo, 500 kesho, eti nisitumie ovyo. Mwezi mmoja nilihesabu mara kumi na tisa. Hiyo ni 551, karibu tokeni zangu za mwezi mzima, nimemwachia wakala. Siku hizi natoa 2,500 mara moja kwa wiki, zingine nalipa till, ile namba ya M-Pesa ya dukani, mnunuzi hatozwi kitu.

Nimemaliza. Pasueni.

Bila Bajeti (Nakuru)

Ndugu umejitahidi lakini bajeti ni ya watu wenye pesa. Masikini anapanga nini? Hakuna kitu cha kugawa. Mimi niko Free Area, napata, natumia, nikikosa nalala.

Boda wa Kondele

@Bila Bajeti ukikosa unalala, watoto nao wanalala? Tuache hiyo.

Mwenye uzi, mshahara wako una tarehe. Wangu una mvua. Ikinyesha Kondele asubuhi hadi saa nne nimeshapoteza watu wa kazini na wa shule, ndio mkate wangu. Kwa hiyo bajeti ya mwezi kwangu haikai, nimejaribu. Kilichokaa ni siku.

Pikipiki bado si yangu, kila siku kabla ya chakula lazima nitoe hesabu ya tajiri 350 na mafuta. Kinachobaki, siku nzuri ni 900, siku mbaya 300, kuna siku sifuri. Nilichofanya nimezipa siku wenyewe. Jumatatu ni ya mwenye nyumba. Kinachobaki Jumatatu, kiwe 900 kiwe 400, hakilali mfukoni, kinaingia kwenye simu nakifunga hadi mwisho wa mwezi. Kodi yangu ni 3,000. Jumatatu nne kwa kawaida zinaifikisha. Zisipofika, Jumanne ya mwisho inajazia. Alhamisi ni ya pikipiki yenyewe, tairi, cheni, servisi. Siku nyingine ni za tumbo.

Uzuri wake ni kwamba sihitaji kujua nitapata ngapi. Najua tu leo ni siku ya nani. Hata mke wangu akiniomba pesa Jumatatu anasema mwenyewe, ah, leo ni ya landilodi.

Karani wa Stoo (Kisumu)

Boda hii ya siku nimeipenda sana. Sikuwahi kuifikiria.

Nyar Dunga

Mimi nauza omena na samaki wa kukaanga, kwa hiyo nasimama upande wa Boda. Ila kwetu sisi wafanyabiashara ugonjwa ni mmoja: kula mtaji. Unaamka na 4,000 ya kununua mzigo pale ufuoni, mtoto anataka kitabu, unatoa 300. Unanunua mzigo wa 3,700. Faida inapungua, kesho unatoa tena. Baada ya wiki tatu unanunua mzigo wa 2,000 na unasema biashara imekuwa mbaya. Biashara haikuwa mbaya, umeila.

Nilifungua Pochi la Biashara, wateja wanalipa huko, pesa ya nyumbani inakaa M-Pesa yangu ya kawaida. Jioni najilipa 500 kutoka huko kuja huku kama vile mimi ni kibarua wa mtu. Siku nimeuza sana najilipa 500. Siku nimeuza vibaya najilipa 500 pia, isipokuwa pochi ikishuka chini ya pesa ya mzigo wa kesho, hapo kibarua halipwi. Tunakula tuliyobakisha jana.

Na mwenye uzi, chakula 11,000 watu watatu nyumbani, binti yuko bweni. Mbona haitoshi kwa macho yangu? Unanunua wapi?

Karani wa Stoo (Kisumu)

Nyar Dunga, Jumapili naenda soko la Kibuye. Mahindi nanunua gorogoro tatu (yale makopo ya kupimia), mara ya mwisho ilikuwa 100 moja, nikasaga kwa 30. Unga huo unatupeleka karibu siku kumi. Dukani pakiti ya kilo mbili ilikuwa 150 na tulikuwa tunamaliza tatu kwa muda huo huo. Maharagwe pia gorogoro. Sukari nimeacha kununua robo robo: robo ni 45, kilo ni 160, ukinunua robo nne umelipa 180 na umetembea mara nne. Kitunguu na nyanya za wiki moja, zaidi ya hapo zinaoza. Mboga... mboga nadhani ni mama watoto hununua.

Mama Wawili, Kaptembwo

"Nadhani." Hapo nimekuona.

Lakini kwanza nizungumzie Januari kwa sababu ndiyo inatumaliza. Hapa Nakuru tuko wanawake kumi na wawili, chama cha mzunguko, 1,000 kila mwezi, kila mmoja anapokea 12,000 zamu yake. Watu wanapiga kura ya namba mwanzoni mwa mwaka na wengi wanagombania namba ya kwanza. Mimi niliomba ya mwisho, Desemba. Waliniona mjinga, unakopesha wenzako mwaka mzima bila riba. Nawajibu sawa, lakini wao wakipata Februari wanabadilisha kochi, mimi nikipata tarehe 20 Desemba nalipa sare, vitabu na nusu ya karo kabla sijapanda gari ya kwenda kwetu. Siwezi kujiwekea 12,000 mwenyewe. Nimejaribu kwenye simu, nimejaribu kwenye kopo. Naila. Ila ya chama siwezi kuila kwa sababu wanawake kumi na mmoja wananijua nyumbani.

Namba ya mwisho ina hatari yake pia, nisifiche. Mwaka fulani mmoja alipokea zamu ya pili akahama mtaa usiku. Tulijazia. Tangu hapo mgeni hapewi namba chini ya sita.

Sasa turudi kwa "nadhani". Baba, mke wako anafanya kazi gani? Umeandika ukurasa mzima na shilingi yake hata moja sijaiona.

Karani wa Stoo (Kisumu)

Anashona. Ana cherehani yake kwenye baraza ya duka la jirani, sare za shule na kupunguza suruali. Pesa yake ni yake, mimi siulizi. Nilidhani hiyo ni heshima.

Mama Wawili, Kaptembwo

Ni heshima, ndiyo. Pia ni njia nzuri ya kutojua chakula ni ngapi. Sabuni nani ananunua? Viatu vya huyo mdogo? Maziwa? Pedi za binti akirudi shule? Jibu hapa hapa.

Boda wa Kondele

😂😂 Karani shika ukuta.

Mwalimu wa Mumias

Nitaingilia kabla hamjamaliza huyu mtu. Nina hoja kuhusu ile 1,200 ya mazishi. Ndugu yangu, huku kwetu hiyo ni ndoto. Mwezi wa nne tu nimekuwa kwenye makundi manne ya WhatsApp ya michango, kila kundi lina mweka hazina anayebandika orodha kila baada ya nusu saa, jina na kiasi. Ukiandikwa 200 na mwenye bodaboda kaandikwa 500, wewe mwalimu utapita wapi? Orodha ile ndiyo inapanga bajeti yako, siyo wewe.

Tulichofanya kwenye ukoo wetu ni kikundi cha kufaana. Kila nyumba 200 kwa mwezi, ukiwa na msiba au huna. Kuna katiba ya ukurasa mmoja: akifa mzazi, mke, mume au mtoto wa mwanachama, kikundi kinatoa kiasi kilichoandikwa, pamoja na hema na viti vyetu wenyewe tulivyonunua mwaka wa pili. Hema lilipunguza mambo sana, kabla ya hapo tulikuwa tunakodi kila mara. Msiba wa mwanachama hauchangishwi tena WhatsApp. Wa mbali, kila mtu na moyo wake.

Swali langu: 1,200 ikiisha tarehe 10 na tarehe 15 amekufa shangazi, unafanyaje?

Karani wa Stoo (Kisumu)

Mwalimu, umeniuliza swali ambalo mwenyewe lilinitoa jasho mwezi wa pili. Nilikuwa nimeshatoa 1,200 yote na akafariki jirani wa mama kule nyumbani, mzee aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Sikutuma pesa. Niliomba ruhusa Ijumaa mchana, nikafika jioni, nikaingia kundi la kuchimba kaburi usiku, asubuhi nikapanga viti na kubeba maji. Nauli kwenda na kurudi ilitoka kwenye ile 988, nilirudi na mia na kitu. Hakuna aliyeniuliza jina langu liko wapi kwenye orodha. Labda waliuliza nikiwa nimeondoka, sijui.

Lakini kwa shangazi wa damu ningevunja bajeti. Sitadanganya.

Bila Bajeti (Nakuru)

Nimesoma yote. Swali la kweli, si la ubishi. Mtu ambaye tayari ana mikopo ya simu mitatu, anaanzia wapi? Maana nyinyi wote mnaongea kama mtu ameanza na sifuri. Mimi niko chini ya sifuri.

Nyar Dunga

Ndugu, asante kwa kusema. Andika mikopo yote kwenye karatasi, mdogo kabisa juu. Lipa huo mdogo uishe, futa programu yake kwenye simu siku hiyo hiyo, usingoje kesho maana kesho watakutumia ujumbe kwamba kiwango chako kimeongezwa. Kisha unaofuata. Wengine watakwambia uanze na wenye riba kubwa, kwa hesabu wako sawa. Mimi nilihitaji kuona mmoja umekufa ndipo nikaamini mingine itakufa.

Mwalimu wa Mumias

Naongeza: kama umeajiriwa, sheria ya ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja lazima ikufikie. Ila mikopo ya simu haipiti kwa mwajiri, ndiyo maana inaweza kukula hadi mfupa. Ukiweza, kopa sacco mara moja uzilipe zote tatu, ubaki na deni moja lenye tarehe inayojulikana. Halafu usikope tena, hapo ndipo wengi wetu huanguka. Mimi nilianguka mara mbili.

Bila Bajeti (Nakuru)

Mdogo ni 1,850. Nimeandika.

Boda wa Kondele

Karani amepotelea wapi? Mama Wawili alimuuliza sabuni.

Karani wa Stoo (Kisumu)

Nimerudi. Imenichukua siku tatu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuuliza.

Jana baada ya chakula nilimwonyesha mke wangu, mama Faith, uzi huu kwenye simu. Alisoma kimya, alicheka kwa Boda, akafika kwenye "nadhani" akarudisha simu mezani. Akaingia chumbani akatoka na daftari lake la madeni ya wateja, lile dogo lenye jalada la bluu, kona zimekunjika. Nilijua lipo, sijawahi kulifungua.

Nyuma, kurasa nne za mwisho, ameandika ya nyumba. Mboga 80, maziwa 60, sabuni ya kipande, viatu vya mdogo 650, mboga, maziwa, mboga, pedi, dawa ya kikohozi. Kila siku. Tukajumlisha mwezi uliopita peke yake, ikaja 5,340. Yaani 11,000 yangu ya chakula niliyokuwa najisifia hapa, ya ukweli ni kama 16,000, na theluthi yake inatoka kwenye sindano. Nyar Dunga, jicho lako halikukosea.

Halafu akafungua mbele, kwenye wadaiwa. Wateja wameandikwa kwa majina ya mtaa: Mama wa Kona, Mwalimu Mrefu, Kijana wa Kinyozi. Ukurasa wa sita juu kabisa umeandikwa "Baba Faith". Chini yake tarehe na pesa: 500, 1,000, 300 ya gesi, 1,500 ya mkopo wa simu, 200, zinaendelea hadi mwisho wa ukurasa. Zile zote nilizokuwa namwambia "nisaidie hadi mwisho wa mwezi". Hakuna hata moja iliyokatwa mstari. Jumla, 6,350.

Nikamwambia kwa ile 988 ninayobaki nayo nitamaliza baada ya miezi sita na kidogo. Akachukua kalamu, akaandika tarehe ya jana pembeni mwa jina langu, akaniuliza na riba je.